Harufu Iliyokwenda Mferejini

Nyumbani kwetu siku huanza kwa sauti ya maji. Kabla hatujanywa chai, mabeseni yanakuwa yamepangwa uani: la kuloweka, la kufulia, la kusuuzia, na la mwisho la wanga, kwa ajili ya mashati na foronya. Mama ni dobi. Mimi ni msaidizi wake. Mjomba, mdogo wake mama, ndiye mtu wa pasi. Hukaa chumba cha mbele na meza yake, redio yake na maneno yake mengi.

Mama hafui ovyo. Anafua mpaka doa litubu. Mjomba husema dada yake akipewa mawe atayasuuza mara mbili, kisha atayaanika kwa vibanio. Mama hukasirika, halafu anacheka, halafu anaendelea kufua.

Kazi yetu kubwa ni mashuka ya gesti iliyo mtaa wa pili. Mwenye gesti ni mama mmoja mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Sisi humwita Mama Gesti. Kabla ya kupata kazi yake, mama alikuwa akifua nyumba kwa nyumba. Aliinama kwenye nyua za watu tangu asubuhi. Aliambiwa asipite sebuleni na asitumie vikombe vya nyumba. Mashuka ya gesti ndiyo yaliyomwezesha kufulia kwenye ua wake mwenyewe, na kunywa chai kwenye kikombe chake. Kwa hiyo huyakunja kwa upole, kama mtu anayemvisha mtoto mchanga.

Mama Gesti alitupenda kwa sababu moja zaidi. Katikati ya mashuka tulikuwa tukiweka vifuko vidogo vya kitambaa chepesi. Ndani ya vifuko mlikuwa na majani makavu ya mrihani. Mgeni akifunua shuka, harufu inampokea.

Vifuko vile vilikuwa kazi ya mama mdogo, aliyekuwa akiishi nasi. Mama mdogo alikuwa na sifa ya uvivu. Alikata majani asubuhi, akayakung'uta kidogo, akayatandaza juu ya magazeti chini ya kitanda chake, basi. Hakuyaosha. Hakuyaanika juani. Aliyasahau huko mpaka yakauke yenyewe.

"Hata jani huliogeshi!" mama alikuwa akimwambia.

"Halijaniomba maji, dada," mama mdogo alijibu, akiwa amelala.

Mwaka huu mama mdogo aliolewa akahamia mbali. Mama akaichukua kazi ya vifuko. Alikunja mikono ya blauzi yake akasema, "Sasa kazi hii itafanywa na watu safi."

Mrihani wetu umepandwa kando ya ua, karibu na njia. Vumbi ni jingi. Basi tulichuma majani tukayaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga. Tulisugua kila jani kwa kitambaa, juu na chini. Tulisuuza. Tuliyakamua kwa viganja. Kisha tuliyaanika juu ya bati la banda, kwenye jua kali. Yalikauka siku hiyo hiyo. Yaliyojikunja, mjomba aliyapiga pasi. Yalitoka bapa na safi kama stempu.

Mama aliyatazama akaridhika. "Mdogo wangu angeona haya," alisema, "angeona aibu."

Haukupita muda, Mama Gesti alikuja mwenyewe. Kwa kawaida hutuma mtu. Alisimama langoni akiwa ameshika kifuko kimoja kwa vidole viwili.

"Hodi, Mama Dobi."

"Karibu, karibu sana. Mwanangu, lete kiti."

"Sikai, dada. Hebu nusa hiki."

Mama alinusa. Akanusa tena.

"Kinanukia usafi," alisema.

"Kinanukia nyasi kavu. Jana mgeni aliniuliza kama godoro langu limejazwa majani ya ng'ombe."

Chumba cha mbele, mjomba alicheka. Mama alikohoa mara moja tu, na kicheko kikakatika.

Mama Gesti aliendelea kwa sauti yake ya taratibu. "Kuna watu wa mashine wamekuja kwangu. Wanafua haraka, na wanatia manukato ya chupa. Manukato ya chupa yananiumiza kichwa, na mimi sipendi kukuacha. Lakini wageni wangu waliizoea harufu yako. Mwisho wa mwezi nitaleta mzigo mkubwa. Nikiuchukua nikaikuta harufu ya zamani, tutaendelea. Nisipoikuta, ndugu yangu, tutaagana vizuri."

Alipoondoka, mama alibaki amesimama mbele ya mabeseni.

"Nyumba kwa nyumba sirudi," alisema. Hakuwa akituambia sisi. Alikuwa akiyaambia mabeseni.

Mama yangu akishindwa na jambo, haachi. Huongeza nguvu. Ndivyo anavyofanya kwa doa, na ndivyo alivyofanya kwa mrihani.

"Bado kuna vumbi linaloziba harufu," aliamua. "Tutaosha mara mbili. Kitambaa kipya. Maji ya moto zaidi."

Tulisugua mpaka vidole vikauma. Tuliyaanika tangu jua linachomoza mpaka linazama. Mjomba aliongeza makaa kwenye pasi. Majani yalikuwa mazuri kuyatazama. Ukiyanusa, ni kama kunusa karatasi.

Siku moja mjomba alitoka dukani na kichupa kidogo mfukoni.

"Dada, tumwagie tone moja moja. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," mama alisema. "Yeye amesema manukato ya chupa yanamuumiza kichwa. Nimuumize kichwa, kisha nimdanganye? Rudisha."

"Nimeshafungua."

"Basi jipake wewe. Unayahitaji."

Mjomba alijipaka. Siku ile nzima mashati ya watu yalinukia kama kinyozi.

Kuna jambo nilikuwa nimeliona, lakini sikulisema. Mimi si mtu wa maneno. Jambo hunikaa kooni mpaka lipitwe na wakati. Mjomba huniita Bi Kimya. Jambo lenyewe ni hili: kila tulipomaliza kuosha majani, mikono yangu ilinukia vizuri ajabu. Nililala ikinukia. Kitambaa cha kusugulia kilinukia. Hata mfereji tulikomwaga maji, unaopita chini ya lango letu, ulinukia. Majani peke yake ndiyo hayakunukia. Nilijiuliza, lakini nani nimwambie? Nimwambie mama kwamba usafi wake ndio una shida? Niliona bora nisugue tu.

Kisha akaja Bibi Shamba kuchukua ovaroli yake.

Bibi Shamba ni jirani yetu. Kazi yake ni kuwatembelea wakulima na kuwashauri kuhusu mimea na wadudu. Shingoni ana uzi, na kwenye uzi kuna lenzi ndogo ya kukuzia vitu, ya kuangalia wadudu wasioonekana vizuri kwa macho. Siku moja aliisahau mfukoni, na mama akaifua pamoja na ovaroli. Ilitoka inang'aa kuliko ilivyonunuliwa.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka kumwaga maji. Bibi Shamba alisimama langoni, akainua pua.

"Jamani! Nani kamwaga manukato hapa?"

"Manukato gani?" mama alisema. "Hayo ni maji machafu. Tumeoshea mrihani."

"Maji machafu yananukia hivi! Na mrihani wenyewe je?"

Mama alijifanya anakaza kamba ya kuanikia. Nilimtazama. Mabega yake yalikuwa yamechoka. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu. Nikajikuta nimefungua mdomo.

"Haunukii," nilisema. "Maji yananukia. Kitambaa kinanukia. Mikono yangu inanukia. Majani ndiyo hayanukii."

Mjomba alitoa kichwa dirishani. "Bi Kimya kasema! Mashahidi mpo?"

"Mwache mtoto aseme," Bibi Shamba alisema. Akanigeukia. "Umeona vizuri, binti. Hebu nionyesheni mnavyofanya, mwanzo mpaka mwisho."

Tulimwonyesha. Alitazama kila hatua. Tulipofika kwenye pasi, alijishika kidevu. Kisha akaenda kwenye mrihani, akakata jani moja kwa kikonyo chake, bila kuligusa kwingine. Akanivisha uzi wa lenzi.

"Sogeza lenzi karibu na jicho. Sasa sogeza jani, polepole. Unaona nini?"

Mwanzoni niliona ukungu wa kijani tu. Kisha jani likawa shamba. Lilikuwa na mabonde na matuta. Juu ya matuta, yaani mishipa ya jani, kulikuwa na vinyweleo vyeupe kama vya mkono wa mtoto. Na ndani ya mabonde niliona vitone. Vilikuwa vingi. Vilikuwa vya mviringo, rangi ya manjano, na viling'aa.

"Kuna vitone," nilisema. "Kama vya asali."

"Ndimo harufu inamokaa," Bibi Shamba alisema.

Mama alisogea. Nilimpa lenzi. Alitazama kwa muda mrefu, jicho moja amelifumba kwa nguvu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Mimi nilidhani harufu imo ndani ya jani," alisema.

"Mimea mingine ndivyo ilivyo. Harufu ya ganda la chungwa imo ndani ya ganda. Mrihani unaiweka nje, juu ya ngozi. Jani hili lina vinyweleo vya namna mbili. Vile vyeupe vilivyochongoka havina harufu. Hivi vyenye vitone navyo ni vinyweleo, lakini vifupi sana na vina vichwa. Umeshachoma pini kwenye nguo mpaka mwisho?"

"Kila siku."

"Kinachobaki juu ni nini?"

"Kichwa chake."

"Ndivyo ilivyo hapa. Ni kama pini iliyozama, kichwa kimebaki juu. Mmea unatengeneza mafuta yake ya harufu, unayahifadhi kwenye kile kichwa. Na juu ya mafuta kuna ngozi nyembamba sana. Nyembamba kama povu la sabuni."

"Mmea unahangaikia harufu ya nini?" mjomba aliuliza. Alikuwa ameshatoka nje, pasi ameiacha. "Unataka kuolewa?"

Bibi Shamba alicheka. "Maua ndiyo yanayotaka wageni. Harufu ya maua huwaita nyuki. Lakini majani yanataka kuachwa. Mdudu akilitafuna jani, vichwa vile vinapasuka, mdomo wake unajaa mafuta makali. Wengi huondoka. Ni silaha ya mmea. Sisi tu ndio tunaona ni uturi."

Kisha akamgeukia mama.

"Mama Dobi, wewe ndiye fundi. Nikuulize. Shati likidondokewa na mafuta, unalitoa vipi?"

"Maji ya moto, sabuni, na kusugua," mama alisema upesi. "Hakuna mafuta yanayonishinda."

"Hayakushindi kweli."

Mama alilitazama beseni. Alitazama kitambaa cha kusugulia. Alitazama mfereji. Niliona jambo linamfikia, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye pindo la nguo.

"Mungu wangu," alisema. "Nimeyafua."

"Umeyafua vizuri mno," Bibi Shamba alisema. "Kitambaa kimepasua vile vichwa. Sabuni imebeba mafuta. Harufu yako iko mferejini, na mikononi mwa binti yako."

"Na jua?" niliuliza. Siku hiyo sijui nilipata wapi maneno.

"Mafuta haya si kama ya kupikia. Ni mepesi, yanageuka hewa na kuruka. Na si kitu kimoja. Ndani ya jani moja kuna harufu kadhaa. Moja inakaribia karafuu, nyingine inakaribia limau, nyingine ni kama maua. Zikichanganyika ndipo unasema, huu mrihani. Sasa ukilianika juani, nyingi zinaruka, nyepesi zikitangulia. Kinachobaki ni nini?"

"Nyasi kavu," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Na pasi?" mjomba aliuliza.

"Pasi inafukuza zilizojificha."

"Mimi nilitumwa," mjomba alisema, akarudi ndani.

Hata hivyo mama hakukubali moja kwa moja. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kiunoni.

"Yaani nimpelekee mtu majani yenye vumbi? Mimi? Nimefua maisha yangu yote. Leo niambiwe nisioshe?"

"Usiniamini mimi," Bibi Shamba alisema. "Iamini pua yako."

Alikata majani mawili. Moja nililiosha kama tulivyozoea, kwa maji ya moto, sabuni na kitambaa. La pili hatukuligusa. Mjomba aliitwa tena, akamfunga mama taulo machoni. Nikalibana la kwanza kidogo kwa kucha, nikalisogeza puani pake. Kisha nikalibana la pili vivyo hivyo, nikalisogeza nalo.

"Hili," mama alisema papo hapo.

"Una hakika?"

"Hili! Hata kipofu... Ni lipi?"

"Ni lile lenye vumbi," nilisema.

Alibaki na taulo usoni muda mrefu kidogo. Alipolitoa, macho yake yalikuwa makavu na makali. Ni macho anayokuwa nayo akiona doa jipya.

"Haya," alisema. "Nifundishe. Na vumbi tunalifanyaje? Maana vumbi silikubali."

"Vumbi lizuieni likiwa bado bustanini," Bibi Shamba alisema. "Tandazeni nyasi kavu chini ya mrihani, udongo usirukie majani. Jioni ya kuamkia siku ya kukata, nyunyizieni mmea maji baridi, kama mvua nyepesi. Bila sabuni, bila kusugua. Asubuhi subirini umande ukauke, lakini msingoje jua kuwa kali. Kateni vitawi wakati maua yanaanza tu kuchomoza. Hapo ndipo majani yamejaa mafuta. Yawekeni kwenye kapu pana, msiyashindilie. Jani lenye tope litupeni."

"Kisha chini ya kitanda?" mama aliuliza kwa mashaka. "Kama mdogo wangu?"

"Kivulini, ndiyo. Chini ya kitanda, hapana. Pale hewa haipiti. Yake hayakuwahi kuota ukungu?"

"Yaliota!" mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akafurahi. "Mengine aliyatupa. Nilimwambia."

"Basi tafuteni chumba chenye kivuli na dirisha. Yapate hewa juu na chini. Yakikauka mpaka yanavunjika, yatieni kwenye kopo lenye kifuniko, yakiwa mazima. Msiyasage. Mkiyasaga leo, mnaipata harufu leo. Kesho hamuipati."

"Na ya kutia kwenye chakula?" niliuliza.

"Ya kula mtayaosha. Maji safi, baridi, upesi, wakati wa kuyatumia. Tumbo lina sheria zake."

Tulianza jioni ile ile. Mama alitandaza nyasi chini ya mrihani kwa mkono wake. Mimi nilinyunyizia maji. Stoo yetu ilikuwa imejaa vitu vya mjomba: redio mbovu, viti visivyo na miguu, na sanduku lisilojulikana lina nini. Mama alimpa muda mpaka chai iive awe ameviondoa. Vitu vilitoka. Tuliweka fremu ya kitanda kikuukuu, tukakaza juu yake chandarua cha zamani. Asubuhi tukakata, tukatandaza majani juu ya chandarua, jani mbali na jani. Tukafungua dirisha na kuning'iniza shuka jeusi mbele yake kuzuia jua.

Kivulini, majani hayana haraka. Siku zilipita. Mama aliingia stoo kila mara, akitembea kwa vidole kana kwamba kuna mgonjwa. Kisha hali ya hewa ikageuka. Mawingu yakatanda, hewa ikawa nzito. Mzigo wa mashuka ulikuwa umeshaletwa, umeshafuliwa, na Mama Gesti angeuchukua baada ya siku tatu. Majani yalikuwa bado laini.

Asubuhi mawingu yakafunguka, jua likatoka kali. Nilikuwa nakunja foronya nilipomwona mama anaelekea stoo. Alikuwa amebeba kipande cha bati cha kuanikia.

Nilifika mlangoni kabla yake. Nikasimama katikati.

"Pisha," alisema.

"Unakwenda kuyatoa nje."

"Saa moja tu. Yakauke. Kesho kutwa anakuja, na sisi hatuna hata kifuko kimoja."

"Mama, hapana."

Alinitazama kama aliyeona nguo imesema. "Unanizuia mlangoni, mimi mama yako?"

Sikutoka.

"Sikukosei heshima, mama. Mara ya kwanza niliona maji yananukia, nikanyamaza. Nikasugua tu. Leo sinyamazi. Tukiyapeleka juani tutampa nyasi kavu kwa mara nyingine, na safari hii ni ya mwisho. Kama ni kurudi nyumba kwa nyumba, nitarudi na wewe, nitabeba beseni. Lakini majani haya hayatoki."

Bati lilikuwa bado mikononi mwake. Nilichukua jani moja kutoka kwenye chandarua, nikalibana kwa kucha, nikalisogeza puani pake. Lilikuwa laini kweli. Lakini harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa akisubiri mlango ufunguliwe.

Mama alifumba macho. Akashusha pumzi. Akaliegemeza bati ukutani.

"Tufanyeje, basi?" aliuliza. Hakuniuliza kama mtoto.

"Tuongeze chandarua cha pili, yakae machache machache. Tufungue na mlango, hewa ipite huku na huku."

"Mjomba wako ana feni," mama alisema.

"Feni yangu ni ya pasi!" sauti ikatoka chumba cha mbele. "Nitakufa kwa joto!"

"Utakufa safi. Lete."

Feni ilikuja. Tuliiweka mbali, ivume polepole. Mchana kutwa mjomba alipiga pasi akiwa na kitambaa chenye maji kichwani, akilalamika na redio yake. Kesho yake mchana nilishika jani likavunjika kati ya vidole kwa sauti ndogo, kama ganda la karanga. Tulijaza vifuko kwa uangalifu, bila kushindilia. Mama alivishona mwenyewe.

Mama Gesti alikuja kama alivyoahidi. Safari hii alikubali kukaa. Mama alimwekea furushi mapajani, akarudi nyuma hatua mbili, mikono ameificha nyuma. Mimi nilisimama karibu na kamba. Hata redio ilikuwa imezimwa.

Mama Gesti alifunua shuka la juu. Akakitoa kifuko, akakibinya kidogo. Alikipeleka puani, kisha akainama, akaweka uso wake wote ndani ya shuka. Alipoinuka, kilemba kilikuwa kimekaa upande.

"Hii siyo ya zamani," alisema.

Mama alishika ukuta.

"Ya zamani haikuwa nzuri hivi," Mama Gesti aliendelea. "Ya zamani ilikuwa na kiharufu fulani, kama cha uvungu."

Kutoka chumba cha mbele tulisikia mtu akijiziba mdomo.

"Watu wa mashine nitawaambia wasisumbuke. Umefanya nini, Mama Dobi?"

"Muulize huyu," mama alisema, akanisukuma mbele kidogo.

"Hatukuyaosha," nilisema.

"Hamkuyaosha? Ninyi? Nyumba hii?"

"Tuliuosha mmea ukiwa umesimama. Harufu iko juu ya jani, kwenye vinyweleo vidogo vyenye vichwa. Ukisugua vinapasuka, na jua linaimaliza. Wageni wako waambie kifuko kikianza kufifia wakibinye kidogo. Kuna vichwa vingine bado havijapasuka."

Mama Gesti alinitazama, kisha akamtazama mama. "Huyu si ndiye yule asiyeongea?"

"Ndiye," mama alisema. "Siku hizi anazuia hadi milango."

Jioni mama alimpigia simu mama mdogo. Aliongea akiwa amesimama kando ya mrihani. Alimsalimia, akaulizia afya ya shemeji, akaulizia hali ya hewa. Kisha akazunguka zunguka.

"Na yale majani yako... Ile namna yako ya kutoyaosha. Hukuwa umekosea."

"Dada, simu inakatika. Umesemaje?"

"Umenisikia vizuri sana."

"Sijasikia. Rudia, nimwite na mume wangu asikie."

"Lakini uvunguni kulikuwa na ukungu! Hilo sikusamehe!"

Kicheko cha mama mdogo kilisikika mpaka kwangu. Mama naye alicheka. Mkono mmoja ulishika simu, na mwingine ulikuwa na kitambaa chenye maji, kama kawaida yake. Mbele yake kulikuwa na jani pana la mrihani, na juu ya jani kulikuwa na vumbi jipya. Niliuona mkono ukiondoka wenyewe, ukaenda mpaka karibu kabisa na jani.

Hapo ukasimama. Mama alilitazama lile jani, nalo kama lilimtazama.

Kisha akageuka, akafuta dirisha.